HMS London: meli ya vita ya mbao iliyomaliza kazi yake Zanzibar, na uhusiano wake na Nyangwe

Tangu mwaka wa 1874 mpaka 1884, watu wenye walifika Zanzibar kwa njia ya bahari walikuta meli moja kubwa sana ya mbao imetia nanga mbele ya muji. Haikukuwa inaenda popote. Jina lake lilikuwa HMS London. Ilikuwa meli ya vita ya Uingereza, iliyojengwa kwa kupigana na meli zingine kubwa kama yenyewe. Lakini mu miaka yake ya mwisho ilipewa kazi ingine: kuzuia majahazi yenye yalibeba watumwa.

Historia ya meli hii inagusa pia mashariki ya Congo. Moja kati ya mambo yaliyosukuma serikali ya Uingereza kufanya mukataba na Zanzibar, kisha kutuma meli ile, ni mauaji yaliyofanyika ku soko la Nyangwe, kando ya muto Lualaba, mu jimbo la sasa la Maniema. Lakini pembe za tembo zenye zilitoka Maniema, na zenye vijiji vilichomwa juu yake, zilipita mbele ya meli ileile bila mutu kuzigusa.

Meli yenyewe

HMS London ilijengwa Chatham, muji wa Uingereza wenye kuwa kando ya muto Medway. Kazi ilianza mwaka wa 1827, na meli ilishushwa mu maji tarehe 28 mwezi wa 9, 1840. Miaka 13 inaonekana ni mingi, lakini kulikuwa sababu. Wakati wa amani, mafundi waliacha mbao zikauke polepole kabla ya kufunga meli yote, juu mbao mbichi zinaoza haraka.

Muti mukubwa wa kazi ile ulikuwa mwaloni, muti mugumu wa Ulaya. Chini ya maji walipigilia mabati membamba ya shaba, kwa kukinga mbao na vidudu vya bahari vyenye kutoboa. Bila shaba, meli ya mbao mu bahari ya joto inaliwa kama nguzo ya nyumba yenye kuingiliwa na mchwa.

Urefu wake ulikuwa karibu metre 62, upana zaidi ya metre 16. Watu wa Kalemie, Uvira na Baraka wenye wanajua meli Liemba ya ziwa Tanganyika wanaweza kulinganisha: Liemba ina urefu wa karibu metre 71, lakini upana wake ni metre 10 tu. HMS London ilikuwa fupi kuliko Liemba, lakini nene na nzito zaidi. Juu yake kulikuwa milingoti mitatu yenye matanga, na ndani yake etaji mbili kamili za mizinga. Yote pamoja ilikuwa mizinga 90. Mingi kati yake ilitupa risasi ya chuma ya mviringo yenye uzito wa kilo 14 na zaidi. Kwa kuendesha matanga na mizinga yote ile, mamia ya wanaume walipaswa kukaa ndani, wakilala mu vitanda vya kitambaa vyenye kuning'inia katikati ya mizinga.

Meli za namna ile zilikuwa na namna yao ya kupigana. Zilipangana mustari mumoja, moja nyuma ya ingine, kisha zikapiga adui kwa ubavu. Ndiyo maana zilihitaji mizinga mingi kila upande na mbao nene sana.

Siku moja ya vita kubwa: Sevastopol, 1854

Meli iliyojengwa kwa vita kubwa ilipata siku moja tu yenye kujulikana sana ya vita kama hivyo. Wakati wa vita vya Crimea, Uingereza, Ufaransa na milki ya Waturuki walipigana na Urusi. Tarehe 17 mwezi wa 10, 1854, meli za Uingereza na Ufaransa zilikaribia bandari ya Sevastopol, ku bahari Nyeusi, kwa kupiga ngome za mawe zenye zililinda mulango wa bandari. HMS London ilikuwa kati ya meli zenye zilisogea karibu na ngome.

Siku ile ilionyesha wazi kama meli ya matanga imefikia mwisho wake. Kwa sababu haikuweza kutegemea upepo mbele ya mizinga ya Urusi, meli zile kubwa zilifungwa ubavuni na meli ndogo za muvuke, zikasukumwa mupaka mahali pa vita. Kisha, wakati walikuwa wanapiga ukuta wa mawe, Warusi walijibu kwa risasi za chuma zilizotiwa mu moto mupaka kuwa nyekundu, na pia risasi zenye kupasuka. Chuma cha moto kikiingia mu mbao kavu yenye kupakwa lami, meli inawaka. Meli kadhaa zilishika moto siku ile. HMS London iliumizwa lakini haikuzama.

Ngome zenyewe hazikuvunjika. Sevastopol ilianguka karibu mwaka mumoja nyuma, mwezi wa 9, 1855, na ilianguka kwa kupigwa kutoka inchi kavu.

Kwa nini meli ilipitwa na wakati

Mwaka mumoja mbele ya Sevastopol, mwezi wa 11, 1853, meli za Urusi zilikuwa zimechoma meli za mbao za Waturuki ku bandari ya Sinope kwa risasi zenye kupasuka. Wakubwa wa jeshi la bahari mu inchi zote walielewa: mbao haiwezi tena kuzuia mizinga mipya.

Waingereza walijaribu kuongezea HMS London maisha. Waliipunguzia mizinga kutoka 90 mupaka 72, wakaipasua nyuma na kuweka mashini ya muvuke yenye kuzungusha chombo cha kusukuma maji. Kazi ile iliisha mwaka wa 1858. Meli ilibakia na matanga yake, lakini sasa iliweza kutembea hata bila upepo.

Musaada ule haukudumu. Mwaka wa 1859 Ufaransa ilishusha mu maji meli La Gloire, yenye kuvikwa chuma inje. Mwaka wa 1860 Uingereza ilijibu na HMS Warrior, yenye mwili wote wa chuma. Kutoka hapo, meli ya mbao yenye mizinga 72 haikuweza kusimama mbele ya adui wa Ulaya hata saa moja. Zingine ziliuzwa kuwa kuni. Zingine zilifanywa nyumba za kufundishia vijana wa bahari, hospitali, bohari, hata magereza. HMS London yenyewe ilitumwa Zanzibar.

Nyangwe, Livingstone na mukataba wa 1873

Kwa kuelewa sababu gani Zanzibar, inafaa kurudi mu Maniema. Mu miaka ya 1860, misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, ilivuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji na kuingia Maniema kutafuta pembe za tembo. Nyangwe, ku Lualaba, ikawa kituo chao kikubwa. Nyuma yake Kasongo ikapata nguvu, wakati wa Tippu Tip. Kiswahili chenye watu wa Maniema na Kivu wanasema leo kilifuata njia ileile.

David Livingstone alifika Nyangwe mwaka wa 1871. Tarehe 15 mwezi wa 7, siku ya soko, watu wenye bunduki wa misafara ile walifyatua mu soko lenye lilijaa watu, wengi wao wakiwa wanawake wenye walileta biashara zao. Watu walikimbilia mitumbwi, wengine wakajitupa mu muto na kuzama. Livingstone aliandika kama wafanyabiashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Aliondoka Nyangwe, akarudi Ujiji. Kule Stanley alimukuta, na mwaka wa 1872 akapeleka barua zake Ulaya.

Habari ya Nyangwe iliwasha hasira mu Uingereza. Vikundi vyenye vilipinga utumwa vilikuwa vinasukuma serikali tangu zamani. Sasa walipata maneno ya mutu mwenye aliona kwa macho yake. Serikali ilimutuma Bartle Frere Zanzibar mu mwanzo wa 1873 kuomba Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Barghash alikataa. Kisha consul John Kirk, mwenye alikuwa zamani rafiki wa safari wa Livingstone, aliambia Sultani kama meli za Uingereza zitafunga bandari zake. Tarehe 5 mwezi wa 6, 1873, Barghash alitia sahihi.

Mukataba ulisema mambo mawili makubwa. Hakuna mutumwa mwenye atapakiwa tena mu bahari kutoka pwani ya Sultani. Na masoko ya watumwa yafungwe. Lakini watu wenye walikuwa tayari watumwa Unguja na Pemba walibakia watumwa. Ni kusafirisha kulikatazwa. Utumwa wenyewe haukukatazwa.

Kazi ya meli yenye haitembei

Mukataba kwenye karatasi unahitaji mutu wa kuuchunga. Mbele ya pale, meli za Uingereza zilikuja Zanzibar na kuondoka. Mabaharia waligonjwa malaria, makaa ya mawe yaliisha, mashua ziliharibika, na hospitali ilikuwa mbali. Kujenga kituo cha jeshi juu ya inchi ya Sultani kungeleta maneno na gharama. Meli ya zamani, pana, yenye etaji nyingi, ilikuwa jibu la bei ndogo.

HMS London ilifika mwaka wa 1874 chini ya kapiteni George Sulivan, mwenye alikuwa amefanya kazi ya kukimbiza majahazi kwa miaka mingi na alikuwa ametoa kitabu juu yake. Meli ikawa bohari, hospitali, karakana ya kutengeneza mashua, na nyumba ya mabaharia. Ilikaa palepale karibu miaka 10.

Kazi yenyewe ilifanywa na mashua ndogo: zingine za makasia na tanga, zingine za muvuke. Mashua moja iliondoka na mabaharia wachache, afisa mumoja, na mutafsiri wa Kiswahili na Kiarabu. Walibeba maji, biskuti, nyama ya chumvi na bunduki. Walikaa wiki nyingi inje, usiku wakijificha nyuma ya visiwa vidogo, wakingojea tanga litokee. Mabaharia weusi wa pwani, wenye Waingereza waliita Masidi, walikuwa pia mu kazi. Walijua maji, upepo na lugha kuliko wageni.

Mahali pagumu zaidi palikuwa Pemba. Mwezi wa 4 mwaka wa 1872, tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba iliponea. Bei ya karafuu ilipanda, na wenye mashamba wa Pemba walitaka watu wa kuchuma. Kutoka bara mupaka Pemba ni kama kilometre 50. Jahazi yenye upepo muzuri inavuka usiku mumoja. Watumwa wenye zamani walipakiwa Kilwa sasa walitembezwa kwa miguu kandokando ya pwani mupaka karibu na Pangani, kisha wakavushwa gizani. Wengi walikufa njiani, juu safari ya miguu ilikuwa ndefu kuliko ya bahari. Mwaka wa 1876 Barghash alitoa amri ya kukataza misafara hiyo ya inchi kavu pia, lakini kuichunga kulikuwa kazi ngumu.

Mashua ya London ikisimamisha jahazi, afisa aliangalia karatasi na kupanda ndani. Akikuta watumwa, jahazi ilipelekwa mbele ya tribinali ya consul ku Zanzibar. Ikihukumiwa, ilichomwa ao kuvunjwa. Sheria ya Uingereza ililipa mabaharia zawadi kwa kila mutumwa mwenye ameokolewa na kwa ukubwa wa jahazi. Zawadi ile iliwatia moyo, lakini ilileta pia ubaya. Kuna majahazi yenye yalikamatwa kwa sababu tu ndani mulikuwa baharia mwenye alikuwa mutumwa wa mwenye jahazi, ao mutumishi wa nyumbani mwenye alisafiri na bwana wake. Watu wa pwani walilalamika kama chombo chao cha kazi kilichomwa mbele ya kusikilizwa vizuri.

Wenye waliokolewa walienda wapi

Swali hili haliulizwi mara nyingi. Mutu mwenye alitolewa mu jahazi hakurudi kwao. Njia ya kurudi ilipita mu mikono ya watu walewale wenye walimuuza. Tena, wengi walikuwa watoto, wenye hawakuweza kueleza kijiji chao kiko wapi.

Walipelekwa kwa misioni. Ku Zanzibar, misioni ya Waanglikana ya vyuo vikuu ilifungua kijiji cha Mbweni. Karibu na Mombasa, kutoka 1875, misioni ingine ya Waanglikana ilifungua Frere Town. Mapadri Wafaransa wa Roho Mutakatifu walikuwa na kijiji chao Bagamoyo tangu 1868. Kule walipewa majina mapya, kazi ya shamba ao ya ufundi, na masomo kwa Kiswahili. Hawakuuzwa tena, na wengine kati yao wakawa walimu na mapadri. Lakini wengi wao hawakuona tena wazazi wao.

Mahali pa soko la zamani la watumwa, mutaa wa Mkunazini, Waanglikana walianza kujenga kanisa siku ya Noeli ya 1873. Askofu Edward Steere, mwenye aliandika vitabu vingi vya kufundisha Kiswahili, alisimamia kazi ile. Kanisa bado linasimama mupaka leo.

Tarehe 3 mwezi wa 12, 1881

Siku mbaya zaidi ya HMS London ilifika mbali na meli yenyewe, ku maji ya Pemba. Kapiteni Charles Brownrigg, mukubwa wa meli wakati ule, alitoka na mashua ya muvuke kuangalia mashua zake zingine. Alikuwa na watu wachache tu. Waliona jahazi yenye bendera ya Ufaransa.

Bendera ile ilikuwa tatizo la kila siku. Ufaransa haikuruhusu Waingereza kupekua chombo chenye bendera yake. Waliweza tu kuuliza kama karatasi zake ni za kweli. Majahazi mengi, kati yao ya watu wa Sur, inchi ya Oman, yalitafuta karatasi za Ufaransa na kupandisha bendera ile kwa kujikinga. Brownrigg alisogea kwa kuona karatasi tu, kwa hiyo watu wake hawakukamata silaha.

Jahazi ilikuwa imejaa watumwa. Wenye jahazi walifyatua bunduki kwa pamoja, kisha wakaruka ndani ya mashua na panga. Mabaharia wengine walikufa palepale, wengine walianguka mu maji. Brownrigg alipigana peke yake kwa dakika nyingi, akitumia bunduki kama fimbo, mupaka akaanguka kwa vidonda vingi. Jahazi ilikimbia na watumwa wake.

Mwenye alitumwa kutafuta wauaji ni Lloyd Mathews. Huyu alikuwa afisa wa HMS London. Mwaka wa 1877 aliazimwa kwa Sultani Barghash afundishe jeshi lake, na hakurudi tena ku meli. Alikuwa sasa jenerali wa Sultani. Alivuka Pemba na askari wake, akamukamata mukubwa wa jahazi, mwenye alikufa juu ya vidonda vyake. Mathews alibakia Zanzibar mupaka kifo chake mwaka wa 1901, akiwa waziri wa kwanza wa serikali ya kule.

Habari ya bendera haikuisha. Ufaransa na Uingereza walipeleka kesi ya majahazi ya Muscat mbele ya tribinali ya La Haye, na hukumu ilitolewa mwaka wa 1905. Waamuzi waliweka mipaka juu ya watu gani wanaweza kupandisha bendera ya Ufaransa.

Pembe za tembo zilipita

Wakati mashua za London zilikuwa zinapekua majahazi kwa kutafuta watu, pembe za tembo zilikuwa biashara halali. Zilishuka Zanzibar mchana, zikapimwa ku forodha, zikalipiwa ushuru kwa Sultani, kisha zikapakiwa mu meli za Ulaya, India na Marekani. Kule zilitengenezwa kuwa funguo za piano, mipira ya biliadi, mishikio ya visu na vitanuo.

Mwaka uleule wa 1874 wenye London ilifika Zanzibar, Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la bahari la Uingereza mwenye alikuwa amekimbiza majahazi ku pwani, alifika Nyangwe kwa miguu. Aliona soko likiendelea, na kituo cha wafanyabiashara wa pembe kikiwa na nguvu. Alikutana pia na Tippu Tip. Mwaka wa 1876 Stanley alifika kule, akafanya mapatano na Tippu Tip kwa kusindikizwa chini ya Lualaba.

Tippu Tip hakukuwa anafanya kazi na mali yake peke yake. Taria Topan, mufanyabiashara mukubwa Muhindi wa Zanzibar, alimukopesha vitambaa, bunduki na baruti. Deni lililipwa na pembe. Mwaka wa 1882 Tippu Tip alirudi Zanzibar na pembe nyingi kisha miaka zaidi ya 10 mu bara. HMS London ilikuwa bado ku nanga. Hakuna mukataba wenye ulimuzuia kupita.

Mu Maniema, pembe na watu vilikwenda pamoja. Msafara uliingia kijiji, ukateka wanawake na watoto, kisha ukasema: leteni pembe, mutapata watu wenu. Wenye hawakukombolewa walibeba mizigo, walilima mashamba ya Kasongo na Nyangwe, ao waliishi kama watumwa Ujiji na Tabora. Sehemu kubwa ya watu wenye walitekwa Maniema hawakufika ku bahari. Wengi wa wenye walipakiwa mu majahazi walitoka pande za ziwa Nyasa na za karibu na pwani. Kwa hiyo meli yenye ilitumwa kwa sehemu juu ya damu ya Nyangwe haikuweza kulinda Nyangwe. Mashua zake ziliishia mahali maji yaliishia, na mali yenye ilileta bunduki mu Maniema ilikuwa mali yenye wanunuzi wa Ulaya na Marekani walitaka.

Mwisho wa meli

Mu mwanzo wa miaka ya 1880, mbao za London zilikuwa zimezeeka, na mabaharia wake waligonjwa sana. Serikali ya Uingereza iliona gharama ni kubwa. Iliamua kumaliza kituo kile na kutegemea zaidi wajumbe wake wa inchi kavu na meli zenye kupita. Mwaka wa 1884 meli iliuzwa palepale Zanzibar kwa kuvunjwa, miaka 44 kisha kushushwa mu maji Chatham.

Mwaka uleule njaa kali iliingia mu sehemu nyingi za bara la Afrika Mashariki. Watu wenye njaa waliuza watoto, wengine wakajiuza wenyewe kwa kupata chakula, na biashara ya kuvusha watu Pemba ikaamka tena.

Utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria ku Unguja na Pemba tarehe 6 mwezi wa 4, 1897, wakati Zanzibar ilikuwa tayari chini ya Uingereza. Masuria waliachwa inje ya sheria ile mupaka 1909. Mu Maniema, nguvu ya wafanyabiashara wa pwani ilivunjwa na vita vya 1892 mupaka 1894, wakati majeshi ya serikali ya mufalme Leopold II yalikamata Nyangwe na Kasongo mwaka wa 1893. Leopold alisema mbele ya dunia kama anapigana na utumwa. Lakini serikali yake ilichukua pembe kwa nguvu, kisha mpira, na watu wa Congo waliingia mu kazi ya lazima yenye ilichukua maisha mengi.

Hakuna ubao wa London wenye unaonyeshwa leo kama HMS Victory, meli ingine ya Chatham yenye bado inachungwa Portsmouth. Chenye kinabakia ni makaburi. Ku kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya muji wa Zanzibar, kuna makaburi ya mabaharia Waingereza, na kati yao kuna wa HMS London. Watu wenye walikufa ndani ya majahazi, kandokando ya pwani, ao mu Lualaba siku ya soko, hawakupata mawe yenye majina.

Tarehe za kukumbuka

1827: kazi ya kujenga HMS London inaanza Chatham.
1840: meli inashushwa mu maji, na mizinga 90.
1854: inapigana Sevastopol.
1858: inawekewa mashini ya muvuke, inabaki na mizinga 72.
1871: mauaji ya Nyangwe.
1873: Sultani Barghash anatia sahihi mukataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa bahari.
1874: HMS London inafika Zanzibar.
1881: kapiteni Brownrigg anauawa karibu na Pemba.
1884: meli inauzwa na kuvunjwa.
1897: utumwa unapoteza nguvu ya sheria Unguja na Pemba.